Punk: neno lililopita danguroni, gerezani na jukwaani

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kuweka tafsiri ya Kiswahili kwenye filamu za Kimarekani, na kuna neno moja linanisumbua: *punk*. Kwenye filamu za polisi nimekuwa nikiandika “mhuni”. Kaka yangu anasema ni muziki wa fujo wa Wazungu. Mdogo wangu yuko chuo, anasoma Shakespeare, na maelezo ya kitabu chake yanasema ni kahaba. Kamusi yangu ya Kiingereza inaongeza kuni iliyooza. Tena kwa kinyozi wetu panki ni mtindo wa nywele. Je, hili ni neno moja au ni maneno mengi yaliyogongana? Na lilianzia wapi?

Jibu: Marahaba. Nyumbani kwenu wote wana haki, pamoja na kinyozi. Nitakupa jibu kwanza, halafu nieleze. Ni maneno mawili yaliyofanana sura. La kuni iliyooza lina njia yake peke yake. La kahaba, mhuni, muziki na nywele ni lile lile moja, ambalo limekuwa midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka 400. Kwa sehemu kubwa ya muda huo lilikuwa neno la mwenye nguvu kumwambia mnyonge. Hakuna aliyejiita hivyo kwa hiari yake hadi miaka ya 1970, na ndiyo maana historia yake inastahili kusimuliwa pole pole.

Nianze na kuni, maana habari yake ni fupi. Walowezi wa Kiingereza waliohamia pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17 waliita *punk* mti ulioliwa na kuvu ukawa mwepesi na laini kama sifongo. Ukikauka, mti huo hushika cheche upesi na kuungua taratibu bila kutoa mwali. Zama ambazo kiberiti hakijakuwapo, hiyo ilikuwa mali ya kuhifadhiwa mfukoni, kama vile mtu anayepekecha moto kwa ulindi na ulimbombo anavyotunza makapi yake makavu yasipate unyevu. Wanaisimu wengi wanalihusisha neno hili na Kilenape, lugha ya wenyeji wa bonde la mto Delaware, ambamo neno linalokaribiana nalo lina maana ya vumbi au majivu. Kutoka shina hilo hilo likatoka jina la usubi, wadudu wadogo wenye kuuma ambao mpaka leo watu wa kaskazini-mashariki mwa Marekani huwaita *punkie*. Maana ya kiwashio nayo haijafa: tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wao, Wamarekani huwasha fataki kwa kijiti kinachofuka bila mwali, na kijiti hicho kinaitwa *punk*.

Sasa, iko hadithi inayopendwa sana, kwamba mhuni aliitwa *punk* kwa kuwa ameoza kama kuni ile. Inavutia, lakini tarehe zinaikataa. Makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza huko Amerika, Jamestown, yalianzishwa mwaka 1607. Kabla ya hapo, kule kwao Uingereza, *punk* tayari lilikuwa neno la watu, na halikuwa na uhusiano wowote na kuni. Lilikuwa na maana ya kahaba. Sikatai kwamba baadaye, huko Marekani, maneno haya mawili yaliathiriana. Kufikia miaka ya 1890 Wamarekani waliita *punk* kitu chochote hafifu au kibovu, na mtu asiyejisikia vizuri aliweza kusema anajisikia *punk*. Hapo kuni iliyooza huenda ilichangia kweli. Lakini mtu anayetukanwa kwa neno hili alikuwapo kabla ya kuni.

Twende basi kwa mdogo wako na Shakespeare wake. Neno linaonekana katika maandishi ya Kiingereza ya nusu ya pili ya karne ya 16, na mwanzoni mwa karne ya 17 linasikika jukwaani bila kuhitaji ufafanuzi, dalili kwamba watazamaji wote walilijua. Asili yake kabla ya hapo haijapatikana. Kamusi kubwa za Kiingereza huandika tu kwamba haijulikani, nami naona ni heshima kuliacha hivyo kuliko kulibunia wazazi. Katika *Measure for Measure* mwanamke anayeitwa Mariana anasimama mbele ya mtawala na kusema kuwa yeye si mwanamwali, si mjane, wala si mke wa mtu. Lucio, mtu mwenye mdomo mchafu, anadakia kwamba basi huenda ni *punk*, kwa sababu wengi wao ndivyo walivyo. Mwishoni mwa tamthilia mtawala anamwamuru Lucio huyo huyo amwoe mwanamke wa danguroni aliyezaa naye, naye analia kwamba kuoa *punk* ni sawa na kusagwa hadi kufa, kuchapwa viboko na kunyongwa kwa pamoja.

Angalia Shakespeare anachofanya hapo. Katika jamii ile mwanamke alikuwa na nafasi tatu za kutambulika, na zote zilipimwa kwa mwanamume: hajaolewa, ameolewa, au amefiwa na mume. Aliyekuwa nje ya hizo tatu alikuwa na jina moja tu lililomsubiri. Na anayempa jina hilo ni mteja wa madanguro, ambaye jina lake mwenyewe halichafuki kwa kwenda huko. Katika tamthilia nyingine, *All’s Well That Ends Well*, mchekeshaji anamtaja *punk* wa tafta, yaani kahaba aliyevaa kitambaa cha thamani. Kwa hiyo neno halikuwa la maskini wa barabarani peke yao. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755 bado aliliweka kwa maana ya kahaba tu. Baada ya hapo, Uingereza ililiacha lichakae.

Marekani halikuchakaa, ila lilibadilisha mtu wa kupachikwa. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, reli zilienea kwa kasi na kazi zikawa za msimu: kuvuna ngano huku, kukata miti kule, kujenga tuta kwingine. Maelfu ya wanaume walisafiri kwa kudandia mabehewa ya mizigo. Walikuwa na lugha yao, na *punk* lilikuwamo kwa maana zaidi ya moja. Mkate uliitwa *punk*. Mtoto wa kiume aliyetoroka nyumbani na kufuatana na mtu mzima njiani naye aliitwa *punk*. Mtu mzima alimpa ulinzi na kumfundisha njia, na mtoto alilipa kwa kuombaomba, kuiba, na mara nyingi kwa mwili wake. Katika sarakasi za kusafiri nako *punk* alikuwa mtoto, au hata mwana wa mnyama, bila doa la aina hiyo.

Kwa maoni yangu, kiungo kati ya kahaba wa London na kijana wa mabehewani kiko wazi kimaana: wote wawili ni watu ambao miili yao hutumiwa na wenye uwezo kuliko wao, kisha aibu wanabebeshwa wao. Gerezani maana hiyo ilikuwa wazi zaidi. Alexander Berkman, mfuasi wa anaki, yaani mtu anayepinga kuwapo kwa serikali yoyote, aliyefungwa Pennsylvania kwa kujaribu kumuua tajiri wa viwanda Henry Clay Frick mwaka 1892, alikaa kifungoni miaka 14. Kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1912 zina mazungumzo ambamo mfungwa mzoefu anamweleza, huku Berkman akishangaa, kwamba *punk* ni kijana anayejitoa kwa mwanamume. Tamko “anayejitoa” lilikuwa la wafungwa wenye nguvu. Uhalisia wa kijana mgeni aliyeingizwa katika seli za namna ile ulikuwa mwingine, na Marekani ilichukua muda mrefu mno kukiri hivyo: sheria ya taifa ya kuzuia ubakaji magerezani ilipitishwa mwaka 2003. Ukikutana na neno hili kwenye filamu ya gerezani, tafadhali usiandike “mhuni”. Utakuwa umemgeuza mwathirika kuwa mkosaji. Andika kwa uwazi kwamba kijana huyo anatumiwa, au kwamba amefanywa “mke” wa fulani, kwa kadiri mazungumzo yenyewe yanavyoruhusu.

Kutoka gerezani kwenda kwenye magenge ya mjini ni hatua moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 *punk* alikuwa kijana anayefunzwa na mhalifu mkubwa, anayebeba mizigo, kulinda kona, kupeleka ujumbe. Baadaye akawa mhalifu yeyote mdogo anayejiona mkubwa. Hii ndiyo maana unayokutana nayo kwenye filamu za polisi, kama ile ya mwaka 1971 ambamo Clint Eastwood, akiwa mpelelezi wa San Francisco, anamwelekezea bastola jambazi aliyelala chini na kumwita hivyo. “Mhuni” hapo si kosa, ila ni pana mno. Mhuni anaweza kuogopwa na mtaa mzima. *Punk* haogopwi. Neno linamwambia: hunitishi, wewe ni mdogo. Kwa Kiswahili cha mtaani “kibaka” hukaribia zaidi, na kama aliyetukanwa si mwizi, “we takataka” au “kijana wa ovyo we” hufanya kazi vizuri. Miongoni mwa Wamarekani Weusi maana ya uoga ndiyo iliyoshika mizizi: *punk* ni anayekimbia ugomvi, na kwa kauli za kuumiza zaidi, mwanamume anayeonekana si mwanamume vya kutosha. Maana ya gerezani bado inanong’ona chini yake.

Sasa kwa kaka yako. Neno halikuingia kwenye muziki kupitia kwa wanamuziki wa London, ingawa wengi hudhani hivyo. Liliingia kupitia kwa waandishi wa magazeti ya muziki ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipokuwa wakitafuta jina la kuvisifu vikundi vya vijana vya miaka ya 1960 vilivyopigia magitaa gereji za nyumbani, bila ufundi mwingi na kwa nguvu zote. Mwaka 1971 Dave Marsh, katika jarida la *Creem* la Detroit, alitumia maneno *punk rock* kuhusu kundi lililoitwa ? and the Mysterians (ndiyo, jina linaanza kwa alama ya kuuliza). Walikuwa vijana wa Michigan kutoka familia za Kimeksiko, na mwaka 1966 wimbo wao ulishika nafasi ya kwanza Marekani nzima. Mwaka uliofuata Lenny Kaye alilitumia jina hilo kwenye maelezo ya mkusanyo wa nyimbo za aina hiyo. Na hata mwaka 1970 wanamuziki wa New York waliojiita Suicide walikuwa tayari wamelichapa neno *punk* kwenye vipeperushi vya maonyesho yao.

Kisha, Januari 1976, New York, vijana watatu, John Holmstrom, Ged Dunn na Legs McNeil, walitoa toleo la kwanza la jarida walilolipa jina hilo hilo, *Punk*. Waliandika habari za vikundi vilivyopiga kwenye klabu ya CBGB, mtaa wa Bowery, eneo la walevi na watu wasio na makazi; Ramones walikuwa miongoni mwao. Maelezo ya McNeil kuhusu kwa nini walilichagua ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Anasema ndilo neno ambalo polisi wa michezo ya televisheni walimwita mhalifu wakishamkamata, na ndilo ambalo walimu walikuita darasani. Maana yake ilikuwa kwamba wewe ni wa chini kabisa. Wakalitwaa wao wenyewe. William Burroughs, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1914, alishangaa, kwa sababu yeye alilijua kwa maana ya gerezani tu. Vijana walikuwa wamesikia tusi bila kusikia yote yaliyokuwa ndani yake, na labda ndiyo sababu waliweza kulibeba kifuani bila kutetereka.

Uingereza ililipokea neno mwaka huo huo kupitia magazeti ya muziki, na Septemba 1976 klabu ya London iitwayo 100 Club ilifanya tamasha la siku mbili kwa jina hilo. Lakini taifa zima lililisikia kwa sababu ya tukio la tarehe 1 Desemba 1976. Jioni hiyo kipindi cha televisheni cha Bill Grundy kilikuwa kimewaalika Queen, kundi la Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Unguja. Queen hawakuweza kwenda. Kampuni yao ya kurekodi, EMI, ikawapeleka wageni wake wengine, Sex Pistols. Grundy aliwachokoza, mpiga gitaa Steve Jones akamjibu kwa matusi mazito, hewani, saa ambayo familia zinakunywa chai. Kesho yake magazeti yaliwaka moto. Mtangazaji alisimamishwa kazi kwa wiki mbili, kumbi karibu zote zikafuta maonyesho ya kundi hilo, na Januari EMI ikavunja nao mkataba. Katikati ya mwaka 1977, wakati nchi inasherehekea miaka 25 ya Malkia Elizabeth kwenye kiti, wimbo wao wa kumkejeli ulipigwa marufuku BBC na bado ukafika nafasi ya pili.

Mwambie kaka yako kwamba fujo ilikuwapo, ila haikuwa kiini. Kiini kilikuwa ruhusa: huna haja ya kusomea muziki wala kumngoja tajiri akugundue. Ndiyo maana waliokuwa hawana nafasi kwingine waliingia. Poly Styrene, ambaye baba yake alikuwa Msomali, aliongoza kundi la X-Ray Spex mwaka 1977 akiwa na miaka 20 na vibanio vya meno mdomoni, akiimba dhidi ya kufungwa minyororo na matangazo ya biashara. Don Letts, mwana wa wahamiaji wa Jamaika, alikuwa DJ wa klabu ya Roxy; kwa kuwa rekodi za punk zilikuwa bado chache, alipiga rege, na vijana wa Kizungu wakaipenda. Bob Marley aliwaimbia mwaka huo huo. Na Johannesburg, mwaka 1979, watu weusi na weupe walianzisha pamoja kundi la National Wake, chini ya sheria ambazo hazikutaka hata waishi nyumba moja. Kwao hao hili halikuwa jina la mitindo.

Kinyozi wenu naye yuko kwenye mstari, ila yuko mwishoni. Punk wa kwanza wa London hawakunyoa pembeni na kuacha mstari katikati. Walikata nywele ovyo, fupi, zilizosimama kama miiba, na wengine wakazipaka rangi. Inasemekana Malcolm McLaren, aliyewasimamia Sex Pistols, alivutiwa na kichwa cha mwanamuziki Richard Hell alichokiona New York. Mstari wa katikati, ambao vijana wetu wanauita kiduku, ulitamba Uingereza kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 na kuingia ya 1980, na Wamarekani huuita kwa jina la Wamohawk, wenyeji wa eneo la New York. Picha zake zilizunguka dunia kwenye kadi za posta za London, na kwenye vinyozi vyetu neno likafika limeshavuliwa tusi lote. Panki ya kwetu haimtukani mtu.

Tangu hapo neno limegeuka pia kuwa mkia wa kubandika. Bruce Bethke aliandika hadithi iliyochapishwa mwaka 1983 yenye jina *Cyberpunk*, na aina nzima ya fasihi ya kompyuta na miji iliyochakaa ikaitwa hivyo. Mwaka 1987 K. W. Jeter alipendekeza *steampunk* kwa hadithi za mashine za mvuke. Siku hizi wanaunda mengine kila mwaka, na katika mengi yao mkia huo hauna uzito tena. Umebaki kuonyesha aina ya mavazi na mandhari.

Kimebaki kitenzi, ambacho utakutana nacho sana kwenye filamu za karibuni. *To punk* mtu ni kumfanyia mzaha wa kumwaibisha mbele za watu. Kipindi cha mwigizaji Ashton Kutcher kilichoanza MTV mwaka 2003 ndicho kilichokieneza kwa maana hii nyepesi. Hapo “kumpiga changa la macho” au “kumuumbua” yatatosha. Lakini mhusika akisema hatakubali kufanywa hivyo na mtu yeyote, hasa kama yuko mahabusu au anatoka kwenye genge, hazungumzii mzaha. Anasema hataruhusu mtu amgeuze mnyonge wake, kwa maana zote nilizokutajia. Andika “sichezewi mimi”, na uache sauti ya mwigizaji imalizie.